Mlinimwagia Maji Mkaniita Jasiri

Viongozi wa ligi, makocha, na ninyi dada zangu wa timu zote za Makambako na Njombe mliofika na baridi hii, nawasalimu. Mwenyekiti ameniomba niseme nanyi kabla ligi haijaanza. Aliniambia, "Editha, waeleze ulivyogongwa kichwa ukarudi golini. Wapate ujasiri." Nimekubali kusimama. Ila hiyo hadithi aliyoitaka siijui, maana haikutokea. Nitawaeleza iliyotokea.

Nimezaliwa kijijini, upande wa Njombe. Baba alifariki nikiwa bado sijaanza shule, na aliyetushika mkono mimi na mama ni mjomba wangu Luka, kaka yake mama. Wengi wenu mnamwita Kocha Luka, na yupo hapa, safu ya mbele. Yeye ndiye aliyenifundisha kudaka. Mpira hatukuwa nao, kwa hiyo alinirushia maparachichi mabichi nyuma ya nyumba, na anayejua parachichi bichi linavyopiga kifuani anajua kwa nini nilijifunza haraka. Nilimpenda kwa hilo na bado nampenda. Nalisema mapema ili mtu asije akasema baadaye kwamba Editha amekuja kumtukana mjomba wake.

Nilipokua nilihamia Makambako nikawa fundi cherehani. Kibanda changu kiko Lyamkena. Nashona sare za shule, na kazi ya sare inataka jicho, maana kola ya shati la mtoto ikipinda kidogo tu, mama yake ataiona akiwa mbali. Naishi na mama yangu na binti yangu Upendo, aliye darasa la pili. Asubuhi nashona, jioni nakwenda mazoezini. Sikuwa naumwa ovyo. Nilikuwa naweza kukumbuka vipimo vya wateja bila kuandika, na wenzangu sokoni walikuwa wakinitania kwamba kichwa changu kina kabati.

Sasa sikilizeni siku yenyewe. Ilikuwa nusu fainali, mwezi wa saba, upepo wa Makambako mnaujua. Kipa wetu wa akiba alikuwa amekwenda Makete msibani. Ikapigwa kona. Nilitoka kuufuata mpira, na goti la mshambuliaji likanipata hapa, juu ya sikio. Sikumbuki goti. Sikumbuki hata kona. Haya ninayowaeleza nimeyapata kwa Zawadi, beki wetu, ambaye pia ni jirani yangu, na alikuwa amesimama hatua chache kutoka nilipoanguka.

Zawadi anasema nililala kama gunia, macho wazi, simwoni mtu. Akaja daktari wa timu. Mnacheka, kwa sababu mnajua daktari wa timu ni nani huku kwetu. Ni mtu wa ndoo. Wa kwetu ni muuza viatu, mtu mwema kabisa, lakini dawa yake ni moja: ukiumia goti, maji, ukiumia mbavu, maji, ukizimia, ndoo nzima. Na maji ya Makambako ya mwezi wa saba yangemshtua hata aliyezikwa jana. Nikashtuka. Nikaketi. Watu wakapiga makofi. Hiyo ndiyo hospitali yetu, jamani. Akishtuka amepona.

Mjomba akainama akaniuliza, "Unaitwa nani?"

Nikasema, "Editha."

"Haya, mzima huyu," akamwambia mwamuzi. Mwamuzi akauliza kama naweza kuendelea. Mjomba akasema naweza. Mimi hakuna aliyeniuliza.

Nikarudi golini. Zawadi anasema nikaanza kuamkia watu. Mwamuzi akipita karibu, namwambia, "Kamwene." Mpira ukitoka nje, namgeukia muokota mipira, "Kamwene." Mshambuliaji wa timu pinzani anakuja mbio na mpira, mimi namwambia, "Kamwene." Wabena wenzangu mnajua, hiyo ni salamu ya njiani, ya mtu na majirani zake. Nilikuwa nimerudi kijijini kwetu, nimekaa mlangoni kwa bibi, naamkia wapita njia. Na uwanja mzima ukacheka. Walisema Editha leo ana vituko. Mtu ubongo wake umetikiswa hadi hajui yuko wapi, na watu mia kadhaa wanamcheka, wakiwemo waliomlea. Nikilifikiria hilo hadi leo damu yangu inachemka.

Haikuishia hapo. Dakika za mwisho ikapigwa faulo kali, na nikaudaka ule mpira kwa uso. Zawadi anasema sikuinua hata mikono. Mpira ulinikuta nimesimama tu, ukanipiga kipaji cha uso ukarudi uwanjani. Watu walipagawa kwa furaha. Hilo ndilo mlilolisimulia mwaka mzima vijiweni, eti kipa aliyezuia goli kwa uso. Dada zangu, sikuzuia goli. Mpira ulimkuta mtu asiyekuwepo.

Tukashinda. Wakanibeba. Jioni tukaenda nyumbani kwa mjomba, wakapika kuku na viazi. Nilitapika ukutani, nikatapika tena chooni. Shangazi mmoja akasema nimeshiba furaha. Mama yangu peke yake ndiye aliyenitazama vizuri, akasema, "Luka, huyu mtoto jicho lake moja limekuwa kubwa." Mjomba akamwambia, "Dada, ni uchovu. Alale."

Nililala. Asubuhi kichwa kilikuwa kinagonga kama kuna mtu anatwanga ndani. Mwanga wa dirishani uliniuma. Nilikuwa nikisimama sakafu inahama. Tukaenda zahanati moja ya mtu binafsi. Nikasema kichwa kinauma na natapika. Na huku kwetu ukisema kichwa kinauma na unatapika, jibu linakungoja mlangoni. Wakanitoa damu, wakasema taifodi. Hakuna aliyeniuliza kama nimegongwa. Nikameza vidonge vya taifodi mpaka vikaisha, kichwa kikiwa palepale.

Nikajaribu kurudi kazini. Mlio wa cherehani uliingia kichwani mwangu kama sindano yenyewe. Nilikuwa naona mishono miwili palipo na mmoja. Siku moja nilishona mkono wa kulia kushoto na wa kushoto kulia, mteja akashangaa, na mimi nikalia mbele yake kama mtoto. Vipimo vyote vilivyokuwa kichwani vikapotea. Nikawa na hasira isiyo na mlango. Nilimfokea Upendo kwa sababu kijiko kilimwanguka.

Tukaenda kwa daktari mwingine. Huyu angalau aliuliza, na nikamweleza. Akasema, "Huu ni mtikisiko wa ubongo. Lala chumba chenye giza, usisome, usishone, usitembee, mpaka kichwa kipone chenyewe." Alikuwa anasema alichofundishwa, simlaumu sana. Mama akatundika blanketi dirishani. Nikalala. Wiki zikapita nikiwa mle gizani. Miguu ikalegea, usiku usingizi hauji kwa sababu mchana nimelala, na mawazo yakaanza kunitafuna. Niliwaza kwamba nimekwisha. Niliwaza nani atamlea mwanangu. Kulikuwa na siku niliomba nisiamke, na nalisema wazi kwa sababu najua humu ndani kuna mwenzangu aliyewahi kuomba hivyo akaona aibu.

Na Upendo akajifunza kunong'ona. Alikuwa ananong'ona ndani, akitoka nje ananong'ona, akicheza na wenzake ananong'ona. Mwalimu wake alimwita mama yangu akamuuliza, "Mtoto huyu ana tatizo la sauti?" Mama aliponiambia, nilijifunika blanketi nikalia mpaka kichwa kikataka kupasuka.

Mjomba alikuwa akija kuniona. Alileta sukari na machungwa, alisali nami. Nilipopigwa picha ya kichwa hospitalini ikaonekana safi, alifurahi kuliko mtu yeyote. Lakini baada ya hapo akawa ananiambia, "Editha, picha ni safi. Jitie nguvu." Watu wakaanza kusema ni deko. Wengine wakasema ni woga wa fainali, maana fainali ilichezwa bila mimi na tukafungwa.

Sasa njooni kwenye kilichonikasirisha kuliko goti, kuliko ndoo, kuliko taifodi.

Kumbe wakati mimi niko gizani, kulikuwa na watafiti Njombe. Walikuwa madaktari na wauguzi waliokuja kujaribu njia mpya ya kutibu watu waliotikisika ubongo kwenye michezo ya mitaani, michezo kama yetu, isiyo na gari la wagonjwa wala daktari wa kweli pembeni. Walipita kwenye kila timu wakauliza, "Je, kuna mchezaji aliyegongwa kichwa msimu huu?" Walikuja na kwetu. Na kocha wetu akawajibu, "Timu yangu haina majeruhi."

Zawadi ndiye aliyeniambia. Alikuja akaketi kitandani kwangu, akasema, "Dada, nimenyamaza nimeshindwa. Walikuulizia wewe, wakaambiwa hupo." Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Viongozi walisema ukiandikishwa utazuiwa kucheza. Na wengine wakiona hivyo watajitokeza, timu itabaki na nani?"

Sio timu yetu tu. Nimeuliza baadaye. Ilikuwa hivyohivyo karibu kila mahali, Makambako hadi Njombe mjini. Watafiti walizunguka viwanja ambako kila Jumapili mtu anamwagiwa maji, wakaambiwa hakuna mgonjwa. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Lakini wahenga walimsema mtu anayeficha maradhi yake. Hawakukutana na mtu anayeficha maradhi ya mwenzake.

Nilivaa nikaenda Njombe na mama, nimejifunga kitenge machoni njia nzima. Daktari aliyetupokea anaitwa Anitha, mwanamke mwenye sauti ya chini, Mungu ambariki kwa sauti hiyo. Alinisikiliza bila kutazama saa. Nilipomwambia kuhusu kamwene hakucheka. Akafumba macho kidogo.

Nikamuuliza, "Daktari, picha ni safi. Naumwa nini?"

Akasema, "Picha inaonyesha kama kuna damu au mfupa uliovunjika. Havimo, na tushukuru. Lakini haionyeshi ubongo uliotikisika unavyohangaika kufanya kazi. Unaumwa kweli, dada. Hujajitungia."

Mama yangu akaanza kulia palepale. Miezi yote ile hakuwa amelia.

Kisha akatueleza njia yao. Sio sindano wala kidonge. Badala ya kulala gizani, unatembea. Unatembea kwa kipimo, moyo unapanda kidogo, na kichwa kikianza kuongeza maumivu unasimama. Kesho unaanza tena. Kuna mazoezi ya macho pia, unafuata kidole gumba chako kulia na kushoto, na mazoezi ya shingo. Akasema wazi, "Siwaahidi. Tunajaribu. Kuna dalili kwamba kulala gizani muda mrefu kunawaumiza watu zaidi, lakini hatujui bado njia hii inawafaa nani na ianze lini. Ndiyo maana tunatafiti. Ukikataa, tutakutibu kama kawaida."

Mama akafuta machozi akasema, "Mwanangu, mwenda bure si mkaa bure." Nikakubali.

Siku ya kwanza nilifika kwenye bomba la jirani. Nyumba ya pili tu, jamani, mtu niliyekuwa nikikimbia kuuzunguka uwanja. Nikarudi nimeshika ukuta. Siku nyingine nilifika mbele kidogo. Mama alitembea nami amebeba kigoda, nikichoka naketi barabarani, watu wanatushangaa. Muuguzi wa utafiti alipiga simu kila wiki akiuliza kichwa, usingizi, hasira, chakula. Tulitoa blanketi dirishani. Usingizi ukaanza kurudi.

Haikuwa njia iliyonyooka. Nilipoona nina nafuu nilikwenda kutazama mechi, na mavuvuzela yakanirudisha kitandani siku kadhaa. Nilidhani yameanza upya. Daktari Anitha akasema kwenye simu, "Umerudi hatua moja, hujarudi mwanzo. Pumzika leo na kesho, kisha toka." Nikatoka. Polepole mshono ukaanza kuonekana mmoja. Asubuhi moja nikaketi kwenye cherehani, nikashona pindo la sketi ya shule toka mwanzo hadi mwisho bila kusimama, na nilipoligeuza lilikuwa limenyooka. Nikamwita Upendo aje aone. Akaja akaninong'oneza kwamba ni zuri. Nikamwambia, "Sema kwa nguvu." Akaniangalia kuhakikisha, halafu akapiga ukelele mtaa mzima ukasikia, na kichwa changu hakikuuma.

Leo nashona. Naandika vipimo, kabati la kichwani halijarudi lote. Nikichoka sana kichwa hunikumbusha. Je, ni kutembea kulikoniponya, au muda? Nilimuuliza daktari. Akasema kwa mtu mmoja hawezi kujua. Wanahitaji watu wengi, na wanawahitaji mapema, siku chache baada ya kugongwa, sio baada ya miezi gizani. Akaniambia pia kwamba wanafikiria kuondoka kwenda mkoa mwingine, kwa sababu huku kwetu wachezaji hawapatikani.

Hawapatikani. Mnasikia? Wapo humu. Nawaona. Yupo anayefunga macho kwa sababu ya taa hizi. Yupo aliyesahau jina langu mara mbili asubuhi hii. Sitawataja. Dawa ambayo ingejulikana kwa ajili yetu itajulikana kwingine kwa sababu viongozi wetu wanaogopa kupungukiwa na wachezaji Jumapili.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama yangu na kigoda chake, na Zawadi aliyeshindwa kunyamaza, na Daktari Anitha na wenzake. Ninyi wachezaji, ukigongwa kichwa, toka. Usingoje kuulizwa jina lako. Jina ni kitu cha mwisho mtu kusahau. Mwambie mwenzako akutazame usiku kucha, na ukitapika au ukipitiwa na usingizi usioamshika, hospitali, sio kesho. Ukimwona mwenzako anasema mambo ya ajabu uwanjani usicheke. Mtoe. Muuguzi wa utafiti ameketi pale mlangoni, ana kiti kitupu mbele yake.

Sasa nina neno la mwisho, nalo si lenu.

Mjomba, shikamoo. Tulizungumza nyumbani, ukaniambia, "Mimi ndiye niliyekulea, ningekutakia mabaya?" Nikakujibu hapana, na jibu langu ni lilelile. Ukaniambia, "Lakini wewe mwenyewe ulisimama." Mjomba, nilisimama nikamwamkia mwamuzi. Ulimrudisha golini mtu aliyekuwa kwa bibi yake. Halafu walipokuja wenye dawa, ukawaambia sipo.

Najua kwa mila zetu mtoto hamsimamishi mjomba mbele za watu. Nimelifikiria hilo siku nyingi. Lakini makocha hawa wote wanakutazama wewe. Usiposema, Jumapili watafanya ulivyofanya, na binti wa mtu mwingine atakuwa gizani. Sitaki uniombe msamaha, huo nilishakupa. Nataka useme mbele yao maneno mawili tu, kwamba siku ile ulipaswa kunitoa, na kwamba wale watafiti uliwaficha.

Mimi nimemaliza, naketi. Mwenyekiti, usifunge kikao kwanza. Mpe mjomba kipaza sauti.